Nipe Mji: Uhakiki wa Swali la Dakika 38

Mwaka juzi nilipewa maiki kwenye harusi ya binamu yangu Dar es Salaam. Si unajua mambo ya ukumbini: maharusi wamechelewa kwenye picha, chakula hakijafika, MC utani umemwishia. Mtu akakumbuka kwamba mimi ni "yule wa vitabu", basi nikaitwa mbele niwachangamshe watu kwa chemsha bongo. Nikafungua simu, nikatafuta orodha ya maswali 50 iliyokuwa ikizunguka kwenye kundi la familia, nikaanza.

"Vita vifupi kuliko vyote katika historia vilipiganwa wapi, na vilichukua muda gani?"

Kijana mmoja wa meza ya nyuma hakuningoja nimalize. "Zanzibar! Dakika 38!" Ukumbi mzima kicheko. MC akapata uhai, akasema hata foleni ya Ubungo inachukua muda mrefu kuliko hiyo. Nami nikacheka, nikampa kijana soda yake.

Meza ya mbele alikaa bibi mmoja wa Unguja, upande wa bwana harusi. Yeye hakucheka. Nilipopita karibu akanishika mkono, nikainama kumsikiliza, nikidhani anataka maji. Akaniuliza polepole: "Na waliokufa wangapi, mwanangu?"

Nikaangalia simu. Hilo halikuwemo.

Nimelibeba swali la bibi yule mpaka leo. Kwenye ukurasa huu tumezoea kuhakiki riwaya, diwani na tamthilia. Leo naomba mnivumilie, nahakiki kitu chenye sentensi moja. Naamini swali la chemsha bongo ni utanzu kama tanzu nyingine. Lina fani yake na maudhui yake, lina wahusika, lina msimulizi aliyejificha. Tena linasomwa na watu wengi kuliko riwaya zetu zote tukizijumlisha. Linasomwa redioni, kwenye magazeti, darasani Ijumaa mchana, kwenye daladala, msibani usiku watu wakipoteza usingizi. Kitu kinachosomwa namna hiyo kikose mhakiki?

Tuanze na hilo hilo la dakika 38.

Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Siku hiyo hiyo Khalid bin Barghash akaingia kasri na kujitangaza sultani. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, na Waingereza walishikilia kwamba hakuna atakayekalia kiti bila ridhaa yao. Wao walimtaka Hamoud bin Mohammed. Wakampa Khalid muda: mpaka saa 3:00 asubuhi ya tarehe 27 awe ameshusha bendera na kutoka. Hakutoka. Ndani ya kasri na kulizunguka walikuwa watu karibu 2,800, wengi wao raia wa kawaida, pamoja na walinzi, watumishi na watumwa. Baharini, mbele yao kabisa, zilisimama manowari tano. Saa 3:02 mizinga ikaanza. Meli ya sultani, Glasgow, ikazamishwa. Jumba la Beit al-Hukm likavunjwavunjwa. Beit al-Ajaib likapona, lakini na majeraha. Kabla ya saa 4:00 kila kitu kilikuwa kimekwisha.

Upande wa Khalid waliouawa na kujeruhiwa walikuwa kiasi cha watu 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja, akapona.

Hilo ndilo jibu nililokosa kumpa bibi. Sasa ona kazi iliyofanywa na lile swali. Katika habari yote hiyo ya kiti, himaya, mizinga na nyumba za mbao zilizowaka, limechagua kitu kimoja tu cha kuuliza: muda. Na kwa bahati mbaya, muda ndio wenye shaka kuliko yote. Wapo wanaoandika dakika 38, wapo wa 40, wapo wa 45. Inategemea unaanza kuhesabu wapi na unaishia wapi: unahesabu kombora la kwanza na la mwisho, au unangoja bendera ishuke? Idadi ya walioumia imekaa pale pale, ila haina ladha. Huwezi kuipigia kelele ukumbini upewe soda.

Neno linalonisumbua zaidi ni hilo "kuliko vyote". Ukichunguza orodha yoyote ya maarifa ya jumla utaona lugha yake imesimama juu ya maneno machache sana: wa kwanza, kubwa kuliko, refu kuliko, fupi kuliko. Ni lugha ya mashindano. Kila kitu duniani kinapangwa mstari kama wanafunzi asubuhi, na anayeonekana ni wa mbele au wa mwisho. Kwa hiyo mauaji ya asubuhi moja pale Mizingani yanasimama foleni moja na mto mrefu na jengo refu. Ukishayapanga hivyo, mtu anayecheka hana kosa. Swali limemfundisha acheke.

Sitaki mnione nachukia chemsha bongo. Mimi ni mtoto wake. Nimekulia Tanga, na nyumbani kwetu kulikuwa na shule mbili za usiku.

Ya kwanza ilikuwa ya mjomba. Alikuwa na kaunta buku nene aliyoijaza maswali aliyoyaokota redioni na kwenye magazeti ya kufungia vitumbua. Umeme ukikatika anakaa barazani na kurunzi, sisi chini kwenye mkeka. Mji mkuu wa Bukini? Antananarivo. Nani alishinda marathoni ya Olimpiki bila viatu? Abebe Bikila, Roma, 1960. Akiwa na furaha anaongeza: na miaka minne baadaye akashinda tena kule Tokyo, safari hii na viatu. Sisi tunarudia kama tunaimba.

Usiku mmoja akauliza ziwa lenye kina kirefu Afrika, na jibu la kaunta buku likawa Victoria. Mimi nilikuwa nimeshika atlasi ya kaka yangu siku ile. Nikasema hapana, Mjomba, ni Tanganyika. Watu kimya. Kwetu mtoto hamwambii mkubwa hapana hivi hivi. Nikaileta atlasi. Victoria ni kubwa kwa eneo, lakini kina chake hakifiki hata meta 100. Tanganyika inashuka meta 1,470, na duniani kote inazidiwa na Baikal peke yake. Mjomba akasogeza kurunzi, akasoma mara mbili, akatoa kalamu akafuta. "Haya bwana, umenishinda," akasema, akaandika Tanganyika kwa mkono wake.

Jambo lile silisahau, na kila nikiisema vibaya chemsha bongo ninalikumbuka. Utanzu huu una haki ndani yake. Jibu halitokani na umri wala cheo. Mtoto wa miaka kumi akiwa na atlasi anaweza kumsahihisha mtu mzima na mbingu zisianguke. Sijui fasihi ngapi zinampa mtoto nafasi hiyo.

Shule ya pili ilikuwa ya bibi yangu, mzaa mama. Hiyo haikuhitaji kurunzi. "Kitendawili!" Tunajibu, "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Tunahangaika: kaburi, mtungi, kibuyu. Mkishindwa kabisa bibi anasema, "Nipeni mji." Hapo lazima mtoe mji. Tunampa Pangani, anakataa, ati Pangani kwenda na kurudi siku moja, atapata faida gani? Tunampa Mombasa. Mombasa anapokea, na hapo ndipo utamu unapoanza. Anasafiri. Amekwenda Mombasa, amepokewa bandarini, amevishwa, ameandaliwa pilau, na sisi wavivu wa kufikiri tumebaki Tanga na mihogo yetu. Akishiba sifa ndipo anarudi na kutupa jibu: yai.

Msomaji, hebu utazame mpango huo kwa jicho la kihakiki. Kati ya kushindwa na kupewa jibu kuna safari. Huwezi kulipata jibu kabla hujamwona mtu akiondoka, akifika, akila, akirudi. Aliyeshindwa analipa, lakini anachopata kwa malipo yake ni hadithi. Chemsha bongo ya mjomba imekata sehemu hiyo. Ukishindwa unaambiwa jibu, tunaendelea na swali la pili. Ndiyo maana unaweza kumaliza maswali 50 kwa nusu saa na usikumbuke hata mtu mmoja aliyekuwa ndani yake.

Sasa twende kwenye wahusika. Kila orodha ina swali hili, kwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Nani aligundua Mlima Kilimanjaro?" Jibu linalotakiwa ni Johannes Rebmann, 1848. Tulilikariri shuleni, na mpaka leo nikiamshwa usiku wa manane nitalijibu kabla sijafungua macho.

Wengi wameshalalamikia kitenzi hicho, "kugundua", na wana haki. Wachaga walikuwa wakilima na kuoa kwenye miteremko ya mlima huo karne na karne. Lakini mie kama mhakiki nataka kwenda mbele zaidi ya lalamiko, maana ndani ya safari ile ile kuna kitu kizuri ambacho swali limekitupa. Rebmann hakwenda peke yake. Aliongozana na Bwana Kheri, mkuu wa msafara aliyezijua njia hizo. Na asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848, anasimulia Rebmann mwenyewe, alipoona kitu cheupe juu kileleni alimuuliza kiongozi wake ni nini kile. Akajibiwa kwa neno moja: baridi.

Baridi! Neno letu hili hili tunalolitamka Juni. Mtu wa pwani, ambaye lugha yake haikuwa na haja ya jina la theluji, alitazama juu akataja kile ambacho kitu kile humfanyia binadamu. Kule London, Cooley, bingwa wa jiografia aliyekuwa hajakanyaga huku, akapinga kwa maandishi kwamba haiwezekani kuwe na theluji karibu na ikweta. Kwa hiyo kulikuwa na majibu mawili kuhusu kilele cha Kibo. Lililokuwa sahihi lilitolewa kwa Kiswahili, na mtu aliyekuwa akiongoza msafara. Hebu niambie, orodha yako ya maswali 50 ina swali gani tamu kuliko hilo?

Hapa najua nitaulizwa: sasa unataka kila swali liwe insha? Chemsha bongo ni fupi, ndio uzuri wake. Nakubali kabisa. Ufupi hauna kosa. Kitendawili cha bibi kilikuwa na maneno manne. Hoja yangu ni kwamba anayetunga swali anachagua mlango wa kuingilia, na ipo milango mizuri yenye upana ule ule. Jaribu hili: "Ni mtu gani mmoja aliyesafiri na Burton na Speke, kisha akasafiri na Stanley, kisha na Cameron?" Ni sentensi moja, na jibu lake ni moja. Ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akaishi India, akarudi Afrika akiwa mtu huru, akawa ndiye anayewavusha wengine bara. Swali hili halikuvunja kanuni hata moja ya utanzu. Limegeuza macho tu. Wale wakubwa wanne wamekuwa dalili za kukufikisha kwa Bombay, wakati zamani yeye ndiye aliyekuwa akipotea nyuma yao.

Upande wa michezo, ambako ningetegemea mambo yawe mabaya zaidi kwa sababu michezo yenyewe ni mashindano, ndiko nilikokuta swali ninaloliheshimu kuliko yote. Marathoni ya Olimpiki ya Mexico, 1968. Aliyeshinda ni Mamo Wolde wa Ethiopia. Sasa waulize Watanzania kumi jina la mshindi, halafu waulize jina la Mtanzania aliyefika wa mwisho kati ya waliomaliza, goti limefungwa bandeji, giza limeshaingia, uwanja unaelekea kuwa mtupu. John Stephen Akhwari! Atajwa bila kigugumizi. Hapo neno "wa mwisho", ambalo katika orodha zetu huwa ni la kuchekesha, linafanya kazi nyingine kabisa. Anayejibu swali lile huwa hacheki. Nimeshuhudia mara nyingi: akitaja jina, anaendelea kusimulia mwenyewe bila kuombwa. Ameanguka, ameumia, amenyanyuka, amefika. Swali limezaa msimulizi. Bibi yangu angesema limechukua mji.

Ulinganishe na hili la Filbert Bayi, linaloulizwa sana: alivunja rekodi ya dunia ya meta 1,500 mwaka gani na wapi? Jibu ni 1974, Christchurch, New Zealand. Sahihi, lakini kavu. Ndani ya mbio zile kulikuwa na jambo la ajabu. Bayi hakungoja mzunguko wa mwisho kama ilivyokuwa desturi. Aliondoka mbele tangu mwanzo akawaambia kwa miguu yake wanikamate wakiweza. Wakajaribu. John Walker, mwenyeji, alimkaribia kiasi kwamba naye pia alikimbia chini ya rekodi ya zamani na bado akawa wa pili. Muulizaji angeweza kuuliza, "Ni nani aliyekimbia haraka kuliko rekodi ya dunia na akashindwa?" Mtoto atakayelijibu hilo atakuwa amemwelewa Bayi vizuri zaidi kuliko aliyekariri mwaka.

Basi kutokana na hayo nimejiwekea vipimo vitatu vya swali zuri la chemsha bongo, na nawaachia mvijadili. Kwanza, kinachoulizwa kiwe ndicho chenye uzito katika habari, au kiwe karibu nacho. Pili, mtu aliyemo ndani ya habari asikilizapo swali asijisikie ametukanwa. Tatu, anayejibu abakiwe na hamu ya kusema sentensi ya pili.

Swali la dakika 38 limefeli vyote vitatu, na kipimo cha pili nilikiona kwa macho yangu, meza ya mbele, kikiwa kimeshika mkono wangu. Bibi yule hakunigombeza. Alitaka habari iliyokamilika, kama mtu anayeambiwa kuna msiba akauliza amefiwa nani. Kama ilikuwa ni habari ya watu wake wa nasaba au ya mji wake tu, hakunieleza na mimi sikuuliza. Maharusi waliingia, ngoma ikapigwa, nikarudisha maiki.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo siwezi kuikwepa. Isingekuwa swali lile, vijana wengi wa ukumbi ule wasingejua kabisa kwamba mwaka 1896 kulitokea jambo Unguja. Dakika 38 ndizo zilizowafikishia tarehe. Pengine kichekesho ndicho kilichoibeba habari hii miaka yote hii, kama chumvi inavyobeba samaki. Nakubali. Mimi mwenyewe nililijua tukio hilo kwa mara ya kwanza kutoka kwenye kaunta buku ya mjomba, na ningekuwa mnafiki nikilitukana daraja nililovukia. Ninachosema ni kwamba tukishavuka, tusikae darajani tukipiga makofi.

Kwa hiyo swali nimelitunga upya. Siku hizi nikipewa maiki nauliza hivi: "Sultani aliyekaa kitini siku tatu, alitoka Unguja bila kukanyaga ardhi yake. Aliishia mji gani?"

Wakishindwa, nawaambia wanipe mji. Mara nyingi wananipa Dar es Salaam, na mimi naupokea, maana upo njiani. Nasafiri nao. Mizinga inalia, Khalid anakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Anakaa humo wiki tano, Waingereza wanamngoja nje wamkamate akitia mguu. Tarehe 2 Oktoba 1896 bahari inajaa, mashua ya Wajerumani inasogea mpaka lango la bustani ya ubalozi, naye anaingia humo moja kwa moja na kupelekwa melini. Mguu wake haukugusa Unguja. Anafika Dar es Salaam, anakaa miaka. Vita Vikuu vinakuja, mwaka 1916 Waingereza wanampata. Anapelekwa uhamishoni, Saint Helena na Shelisheli. Mwishowe anaruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, na anafariki mwaka 1927.

Kufika hapo ukumbi huwa kimya, na daima kuna mtu anayeuliza, kabla sijataja mji wa mwisho, wale 500 wa kasrini ilikuwaje. Hilo ndilo ninalolingojea. Nawaambia.

Halafu nawapa jibu la swali. Ni Mombasa.